Daftari la Vitabu Vilivyopita Mikononi Mwetu

  Sisi wawili ni mume na mke, na mmoja wetu ana kikohozi kidogo, kwa hiyo mkisikia sauti imekatika msidhani ni redio yenu iliyoharibika.

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka aijua sana methali hii. Kila jioni huketi akaandika sukari iliyouzwa, nani amelipa, na nani ameomba angojewe mpaka mwisho wa mwezi. Mfugaji naye huandika siku ng'ombe wake alipozaa. Hata kanisani twaandika waliobatizwa, waliooana, na sadaka ya kila Jumapili mpaka senti ya mwisho. Lakini ni nani kati yetu aandikaye vitabu alivyovisoma, na mahali vilipokwenda baada ya kusomwa? Twaona ni wachache. Nasi twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo hili dogo, kwa sababu lilitufundisha, na pia lilituaibisha.

Tulioana mwaka 1981. Miongoni mwa zawadi za arusi, kati ya masufuria na mablanketi, mlikuwa na vitabu vitatu na daftari moja la kurasa 96. Daftari tulipewa na shangazi, ambaye alidhani tutaandika humo matumizi ya nyumba. Matumizi tuliyaandika kwa majuma mawili tukachoka, maana pesa zenyewe zilikuwa chache mno kuweza kuujaza ukurasa. Ndipo tukaligeuza likawa daftari la vitabu. Tulipiga mistari kwa rula: tarehe, jina la kitabu, mwandishi, tumekipata kwa nani, kimekwenda kwa nani, kimerudi lini. Mwisho wa mstari tuliacha nafasi ya maneno machache. Leo tuko katika daftari la tatu, na lile la kwanza tumelifunga kwa uzi kwa kuwa gamba lake limeng'oka.

Msidhani tulikuwa watu wa vitabu vingi. Mwaka mzima wa 1983 una mistari sita tu. Wamo waalimu wa Biblia humo, na pamoja nao wamo wengine. Yumo Shaaban Robert na Siku ya Watenzi Wote. Yumo Said Ahmed Mohamed na Utengano, kitabu ambacho sote wawili tulikililia kwa zamu. Yumo Profesa John Mbiti na kile kitabu chake cha Kiingereza juu ya dini za Kiafrika, ambacho mmoja wetu alikisoma kwa miezi minane, kamusi ikiwa kando. Kimo pia kitabu cha ufugaji wa kuku, na mbele yake tumeandika: "Kuku wamekufa kabla hatujafika sura ya tano." Tena viko vitabu ambavyo mbele yake tumeandika neno moja tu: "Hatukumaliza." Mwanzoni tuliona haya kuandika hivyo. Baadaye tukaona daftari lisilosema kweli ni afadhali likawashie moto.

Mtu aweza kuuliza, kwani kuna haja gani? Si kitabu ukishakisoma kimeingia kichwani? Ndugu, hakiingii. Utasoma kitabu usiku kucha, kitakutoa machozi, na baada ya miaka mitano utakishika dukani na kuuliza bei yake kama mgeni. Limetupata jambo hilo. Tulinunua kitabu kimoja mara mbili, na shilingi tulizozitupa zilikuwa za karo.

Tena jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 1100 iliyopita, katika mji wa Konstantinopoli, ambao siku hizi waitwa Istanbul, alikuwako msomi jina lake Photius. Baadaye, mwaka 858, alifanywa Patriarki wa mji ule. Alikuwa na ndugu yake aitwaye Tarasius, naye ndugu huyo alimwomba amwandikie habari za vitabu vilivyosomwa wakati yeye mwenyewe hakuwapo. Photius akaandika. Alieleza habari za vitabu yapata 280, vingine kwa mistari michache tu, vingine kwa kurasa nyingi, akisema wazi ni mwandishi yupi aliyempendeza na yupi aliyemchosha. Basi, katika karne zilizofuata vingi kati ya vitabu hivyo vilipotea, vikaungua au vikaoza, wala havipo tena duniani. Wenye elimu leo wakitaka kujua vilisema nini, hurudi kwa Photius. Yeye alikuwa akimwandikia ndugu yake.

Na tuwape mfano mwingine, wa mtu maskini. John Bunyan wa Uingereza alikuwa fundi wa kuziba vyombo vya bati. Alipooa, yapata mwaka 1649, yeye na mkewe walikuwa fukara hata vyombo vya kulia chakula hawakuwa navyo. Lakini bibi arusi alikuja na vitabu viwili alivyoachiwa na baba yake marehemu. Wakavisoma pamoja. Baadaye Bunyan alifungwa gerezani kwa ajili ya kuhubiri, na mwaka 1666, akingali mfungwa, habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe zilichapishwa. Humo alivitaja vile vitabu viwili kwa majina. Hivyo twajua hata leo kwamba kimoja kiliandikwa na Arthur Dent na kingine na Lewis Bayly. Ajabu ni kwamba jina la mkewe hakuliandika, na mpaka leo halijulikani.

Sisi wawili tumebishana sana juu ya jambo hili. Mmoja wetu, nanyi mwaweza kukisia ni yupi, husema kwamba kuandika jina la kitabu na kumsahau aliyekileta ni kazi ya nusu. Mwingine alijaribu kumtetea Bunyan, kisha akanyamaza. Kwa hiyo katika daftari letu nafasi ya "kwa nani" ndiyo tuliyoiongeza upana. Maana kitabu hakiji chenyewe nyumbani kwa mtu. Kuna mkono uliokileta.

Sasa tufike mahali ambapo si rahisi kusimulia.

Kiswahili chetu kimetupa neno moja, kuazima, na neno hilo latumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Mimi naazima kwako, nawe umeniazima. Sisi kwa miaka mingi tulilisikia upande mmoja tu. Mwaka 2014 kijana mmoja wa kanisa letu alikuja kuazima kitabu. Tulimpa kimoja cha vile vitatu vya arusi, ambacho ndani yake mlikuwa na majina ya watu waliotuombea baraka siku ile, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Alisema ataka kukisoma kwa majuma mawili. Mwezi ukapita, kisha mwaka. Tulipomwuliza alisema, "Nitakileta, Mama." Baadaye akaanza kutokea mlango wa pembeni ibada ikiisha. Nasi tulichukua kalamu ya wino mwekundu, tukapiga mstari chini ya jina lake, mara mbili, tukaandika neno ambalo hatutalisema redioni. Tukawa twamsalimu kwa ncha za vidole. Mtu anaweza kushiriki meza ya Bwana miaka miwili huku ana kitabu kimoja rohoni kama mwiba, na hakuna mzee wa kanisa atakayejua.

Usiku mmoja mwaka 2016 mvua ilinyesha sana, stima ikapotea. Usingizi haukuja. Tukawasha taa ya mafuta, tukatoa madaftari yote ili tuone hasa kitabu kile kilitoka lini, maana tulikuwa tumeamua kumshitaki yule kijana kwa wazee wa kanisa. Tulitaka ushahidi.

Mwakumbuka katika kitabu cha Esta, sura ya sita, mfalme Ahasuero naye alikosa usingizi. Akaagiza aletewe kitabu cha kumbukumbu, kikasomwa mbele yake. Humo akakuta kwamba Mordekai alikuwa amemwokoa na watu waliotaka kumwua. Akauliza, mtu huyu ametendewa nini kwa jambo hilo? Akaambiwa hakutendewa lolote. Mfalme alikuwa akiishi na deni ambalo limeandikwa nyumbani mwake mwenyewe.

Sisi tulilikuta letu katika daftari la kwanza, kwenye ukurasa wa mwaka 1984. Kitabu: ile hadithi ya msafiri ya Bunyan, kwa Kiswahili. Tumekipata kwa nani: Mwalimu. Na kwenye maneno machache tulikuwa tumeandika, kwa mwandiko wa mmoja wetu ambaye hawezi kuukana, "Tumeazima. Kurudisha baada ya mavuno." Kimerudi lini: nafasi ilikuwa tupu.

Tuliinua taa kuelekea rafu. Kitabu kilikuwapo, kimefunikwa kwa karatasi ya kaki kama cha mwanafunzi. Mavuno thelathini na mawili yalikuwa yamepita.

Mwalimu huyo alimfundisha mmoja wetu kusoma. Alifariki mwaka 1993. Kati ya mwaka 1984 na mwaka huo alikuja kwetu kunywa chai mara nyingi, naye akaketi daima kiti kile kile, kilichotazama rafu. Hakuuliza hata siku moja. Labda hakukiona. Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa kuona hata koma iliyokosekana.

Hapo tulimkumbuka yule mwanafunzi wa manabii katika Wafalme wa Pili, ambaye shoka lilimponyoka likatumbukia mtoni. Alilia kwa Elisha, na kilichomliza hakikuwa bei ya chuma. Lilikuwa shoka la kuazima. Yeye alilia siku ile ile. Sisi tulikuwa tumelala fofofo miaka thelathini na miwili, na usiku huo tuliamka kumhukumu mwingine.

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu mpaka mwisho wa lami, kisha tukapanda kilima kwa miguu. Tulimkuta Mama Mwalimu ameketi uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, lakini vidole vilijua jiwe ni lipi na haragwe ni lipi. Tulikuwa tumetayarisha maneno ya kuomba radhi njiani, yakatupotea. Tukamwekea kitabu mapajani. Alikipapasa gamba, akakinusa.

Akauliza, "Ndani mna penseli?"

Wapenzi wasikilizaji, penseli ilikuwamo. Pembeni mwa kurasa mlikuwa na tarakimu ndogondogo ambazo sisi tulidhani ni uchafu wa watoto. Tena, na hili ndilo gumu zaidi, katika mwaka ule wa 1984 mmoja wetu alikuwa amechukua raba ya kufutia akaanza kukisafisha. Alikuwa amefuta kurasa mbili, akachoka.

Mama Mwalimu akatuambia, "Nisomeeni hizo tarehe, wanangu." Kwa maana zilikuwa tarehe. Mwalimu aliwasomea watoto wake kila usiku, na kila alipokomea aliandika siku. Hilo ndilo lililokuwa daftari lake. Tukasoma: tarehe 2, tarehe 3, tarehe 4 ya mwezi wa sita. Kisha ukurasa uliofuata ulisema tarehe 19. Tukadhani tumeruka, tukarudi nyuma kutafuta.

Akasema, "Hamkuruka. Hizo ni siku tulizokuwa hospitali na kifungua mimba wangu." Akachukua maharagwe mengine, akaendelea kuchambua. Hatukuuliza zaidi. Tuliendelea kusoma tarehe mpaka mwisho wa kitabu, naye akitikisa kichwa kama mtu asikilizaye majina ya jamaa zake.

Tulimweleza juu ya raba. Ingekuwa rahisi kutomweleza, kwa kuwa haoni. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Basi hizo mbili nitazikumbuka mwenyewe." Kitabu tulikiacha pale. Kurasa mbili hatukuweza kuzirudisha, wala hatutaweza.

Mara nyingi twasikia Wakristo wakisema, kitabu ni karatasi tu, na mtu mwenye upendo hahesabu. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Asiyehesabu ni rahisi kuwa mwizi bila kujua. Lakini pia tumejifunza kwamba kuna kuhesabu kwa namna mbili, na wino wetu mwekundu ulikuwa wa namna mbaya. Tulikuwa tumeyafanya madaftari yetu kuwa polisi wa wengine. Mistari ya vitabu vyetu vilivyokwenda kwa watu tulikuwa twaikagua kila Desemba. Mistari ya vitabu tulivyopokea hatukuwa tumeisoma tena tangu siku tulipoiandika. Baada ya kutoka kwa Mama Mwalimu tuliisoma yote. Tulikuta vitabu vingine vinne vya watu. Viwili vilirudi kwa wenyewe. Kimoja mwenyewe alikataa kukipokea, akasema tumpe mtu mwingine, nasi tukafanya hivyo. Na cha nne, mwenyewe alikwisha hama, nasi tungali tunauliza.

Yule kijana tulimngoja mlangoni, mlango ule wa pembeni. Alipotuona alitaka kurudi ndani. Tukamwambia, "Usikimbie. Sisi tulikaa na kitabu cha Mwalimu miaka thelathini na miwili." Akacheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akatueleza. Mwaka ule wa 2014 alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi, kodi ikamshinda, mwenye nyumba akaufunga mlango kwa kufuli vitu vikiwa ndani. Godoro, viatu, vyeti vya shule, na kitabu chetu. Aliporudi na pesa, chumba kilikuwa na mpangaji mwingine na vitu vilikwisha kuuzwa. Alisema alifikiri kwamba siku moja atapata kingine kama kile akinunue, ndipo aje. Lakini kile kilikuwa na majina ya watu, naye alijua jambo hilo, na kwa hiyo hakuweza kuja.

Wino mwekundu haufutiki kwa raba. Tuliuacha pale, tukaandika kando yake habari aliyotueleza, kwa ufupi. Majina ya wale waliotuombea baraka tulijaribu kuyakumbuka usiku ule. Tulipata kumi na moja, tukayaandika nyuma ya daftari.

Ikiwa wewe usikiaye wataka kuanza, daftari la mwanafunzi latosha. Andika siku ile ile, maana kesho utasema utaandika kesho kutwa. Usiandike ili uwaonyeshe watu hesabu. Vitabu vinne kwa mwaka si haba kwa mtu mwenye shamba na watoto. Andika kilichokugusa, hata kama ni mstari mmoja, na kilichokuudhi pia. Na kabla hujaanza kuandika vitabu ulivyowapa watu, tazama kwanza rafuni, chini ya kitanda, na katika lile sanduku la mama. Ukikuta ndani ya gamba jina lisilo lako, anza na hicho. Ukikuta alama za penseli, twakusihi, usizifute.

Mwaka jana yule kijana, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, alikuja nyumbani na binti yake mkubwa. Mtoto alikuwa na kazi ya shule ya kusoma hadithi, nao hawakuwa na kitabu. Tulitazamana, sisi wawili. Kisha mmoja wetu akainuka akatoa kitabu, na mwingine akatoa daftari. Mtoto alitaka kuandika jina lake mwenyewe, tukampa kalamu. Ameliandika kwa herufi kubwa mno, limevuka mstari mpaka kwenye nafasi ya "kimerudi lini." Kitabu bado wanacho.